Fulana ya Lavon

Katika ukoo wa Gethers, safari ya Charleston, mji wa asili yao kule kusini ambako hukutana kila baada ya miaka miwili, huanza na fulana. Hoteli baadaye, basi baadaye. Kwanza fulana, kila tawi la ukoo na rangi yake, na mgongoni majina ya waliotangulia mbele za haki. Mwaka huu kazi hiyo ilimwangukia Verdell, dereva wa basi mstaafu wa hapa Philadelphia, na mchapaji alitaka orodha kamili kabla Mei haijaisha.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada na chakula, Verdell alifuta meza nyumbani kwake, akavaa miwani, akafungua daftari mbele ya mama yake. Bi Eulalie alikuwa na miaka tisini na moja na moyo uliochoka, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho kwenda kwao. Verdell aliapa mama yake atakwenda, na atakwenda akiwa na furaha. Kwa ajili ya furaha hiyo alikuwa amefanya jambo lililomnyima raha tangu Januari.

"Haya, nisomee," alisema Bi Eulalie, huku akimenya karanga za kuchemsha.

"Ijumaa tunafika. Jumamosi asubuhi, gari la farasi, tunazungushwa mji wa zamani."

"Nani azungushwe?"

"Sote, Mama."

"Mimi nimezaliwa kule, Verdell. Leo nikaoneshwe kwetu na kijana wa Ohio aliyevaa kofia ya majani?"

"Watoto watapenda."

"Wapande wao. Halafu?"

"Halafu ile nyumba kubwa yenye nguzo nyeupe, karibu na bahari."

Bi Eulalie alicheka mpaka akakohoa. "Ile nyumba nimeipiga deki miaka minne, naingilia mlango wa nyuma. Waambie safari hii napita mbele, na viatu sivifuti!"

Verdell naye alicheka. Siku nyingi hakumsikia mama yake akicheka hivyo, akajiambia alifanya vizuri kunyamaza.

"Sasa fulana. Wewe, ndogo. Mimi, kubwa sana, na usiseme kitu. Mwanangu Ronnell na wanawe, tano. Lavon, kubwa."

Bi Eulalie aliirudisha karanga bakulini.

Lavon alikuwa kitinda mimba wake. Aliondoka nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya pombe nyingi na maneno makali, asionekane tena. Kila ukoo ulipokutana, mama aliagiza fulana yake, na kila mara Verdell alimjia juu: ya nini, Mama, nguo ya mtu asiyekuja? Mama alishinda kila mara. Fulana tisa zilikuwa zimekunjwa kwenye droo yake, hakuna hata moja iliyovaliwa.

"Rudia hapo," alisema.

"Lavon. Kubwa."

"Miaka yote hii nakupigania fulana moja kama ninayeomba figo. Leo umeiandika mwenyewe, hata sijafungua mdomo."

"Nimechoka kubishana, Mama."

"Wewe? Wewe uchoke kubishana?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Verdell ilikuwa fupi zaidi kwa kuwa hakuwa na mazoea. Alijifanya anatafuta kalamu, na kalamu iko mkononi.

"Amekufa lini?" aliuliza Bi Eulalie.

Verdell aliiweka kalamu chini. "Januari. Walinipigia kutoka Cleveland. Mapafu. Alikuwa hospitali, Mama, hakuwa barabarani. Aliwapa namba yangu."

"Amezikwa wapi?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. "Hajazikwa. Walimchoma, wakanitumia majivu. Yuko chumbani kwangu. Kabatini."

Bi Eulalie aliutazama mlango wa chumba.

"Nimekuja hapa kila Jumapili," alisema. "Nakula, nacheka, nakuuliza kama umesikia habari zake. Naye yuko nyuma ya ukuta huu, katikati ya makoti yako."

"Nilitaka uende Charleston na furaha. Nikasema tukirudi nitakwambia."

"Nani alikuomba furaha?" Kiganja chake kilipiga meza, karanga zikaruka. "Miezi minne namwomba Mungu amrudishe nyumbani. Mungu kimya. Nikadhani amenichoka! Kumbe mtoto alikwisha rudi, na wewe umemfungia!"

Verdell alilia kwa sauti, na miaka yake sitini na minane. Alikuwa amemnyima mama yake kilio chake, akaiita hiyo huruma.

"Kamlete."

Lilikuwa boksi jeusi la plastiki, limebandikwa karatasi. Bi Eulalie alisoma jina lote la mwanawe, taratibu, kisha akaliweka boksi mapajani na kulizungushia mikono.

"Futa farasi," alisema. "Jumamosi tunazika, kando ya baba yake. Na jina liandike mgongoni."

Verdell alikata mstari mmoja, akaandika mwingine, herufi zikimcheza machoni. Alipomaliza alitaka kusema jambo la msaada, lolote. "Kwenye basi tutamweka ndani ya begi langu la mkononi, Mama. Hatatikisika."

"Begi?" Bi Eulalie alilivuta boksi karibu na tumbo lake. "Na mapaja yangu mimi ni ya kazi gani?"

Ndipo kilio kilipomjia.