Mafuta Midomoni

Fundi viatu aliingia sebuleni kwake midomo ikimng'aa mafuta, na ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima.

Wanajumuiya walikuwa wameshaketi kwa sala ya jioni. Mkewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya, alimtazama kuanzia viatuni kupanda juu, na alipofika midomoni macho yakagota. Yeye tangu Jumatano ya Majivu alikuwa akila mlo mmoja tu kwa siku, tena mkavu, na hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyepita karibu na mlango wake. Watu walimwita Mama Mfungo, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko gauni la Pasaka.

"Kabla hatujaanza," alisema, "tumwombee baba wa nyumba hii. Tumbo lake halijapata habari kwamba ni Kwaresima."

Watu walicheka kwa adabu, viganja midomoni. Katibu wa jumuiya alicheka zaidi ya wote. Fundi alivua kofia, upara wake ukameremeta chini ya taa. "Ameni," alisema, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Ameni hiyo ndiyo iliyomchoma mkewe. Mtu akisutwa hujitetea, au angalau hununa. Huyu kila asubuhi alinyoosha mkono apewe hotipoti yake ya chakula cha mchana, na kila jioni aliirudisha tupu, imeoshwa ikatakata. Mke alipakua huku akisimanga. "Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia.

"Ni kweli, mama watoto," Fundi alijibu. "Lakini ongeza mchuzi kidogo."

Basi wiki iliyofuata Mama Mfungo aliamua kumfuma na tonge mdomoni, aone safari hii ataitikia Ameni ipi. Mchana alijifunga kilemba, akashuka hadi kwenye kibanda cha mumewe nyuma ya soko. Njaa ilimnguruma tumboni, naye aliufurahia mngurumo huo. Alikuta kiatu cha mteja kimeachwa juu ya meza, sindano imechomekwa kwenye soli, mwenyewe hayupo.

"Fundi yuko wapi?" alimuuliza kinyozi wa kibanda cha pili.

"Si amempelekea shemeji yake chakula," kinyozi alisema, macho kwenye kisogo cha mteja wake. "Hapo uchochoroni, mlango wa bluu. Kwani si wewe unayemtuma, mama? Kila siku anatuambia, mke wangu kapika."

Shemeji wa Fundi alikuwa mmoja tu: mdogo wake yeye, wa tumbo moja. Hawakuwa wamesemeshana tangu walipomzika mama yao. Mama alifia mikononi mwa yule mdogo, na habari ikachelewa kumfikia mkubwa. Alipofika alikuta uso umeshafunikwa. Akasema mbele ya waombolezaji wote, "Kuanzia leo usiniite dada." Mdogo mtu, aliyezoea kumtii tangu utoto, akatii. Baadaye ilisikika kwamba miguu inamsumbua, hatoki ndani. Na kila jumuiya ilipopanga kutembelea wagonjwa, mwenyekiti aliliruka jina hilo kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mlango wa bluu ulikuwa umeegeshwa tu. Alisimama ubavuni mwake, akasikia kijiko kikigonga sahani.

"Mwambie dada asante," ilisema sauti ambayo angeijua hata usingizini. "Maharage yake hayajabadilika."

"Siku yake ikifika, nitamwambia," alijibu Fundi.

"Na wewe, shemeji, hata kijiko kimoja?"

"Mimi niko sawa."

Mama Mfungo alichungulia. Mumewe alitoa kichupa mfukoni mwa aproni, akamimina tone la mafuta kidoleni, akajipaka midomo iliyokauka hadi kupasuka. Mdogo wake alicheka kicheko kilekile cha zamani. "Unajipaka tena!"

"Bwana alisema anayefunga ajipake mafuta kichwani, watu wasimjue. Sasa mimi na upara huu unaong'aa mwaka mzima, nani ataona tofauti? Nikaona niteremke kidogo."

Mama Mfungo aliushika ukuta. Kile kicheko cha Ijumaa, kicheko alichokianzisha mwenyewe, kikamrudia chote. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alirudi nyumbani bila kujua alipita njia gani.

Jioni Fundi aliingia midomo iking'aa, na mkewe hakuthubutu kumtazama. Asubuhi Fundi alinyoosha mkono kama kawaida.

"Leo nitapeleka mwenyewe," mkewe alisema.

Mkono wa Fundi ulibaki hewani. "Basi ongeza mchuzi," alisema.

Mlango wa bluu ulikuwa vilevile, umeegeshwa.

"Hodi."

"Karibu, she..." Sauti ya ndani ilikatika. Kisha, polepole: "Nani?"

Kulikuwa na jibu moja tu, na ni yeye mwenyewe aliyelipiga marufuku.

"Dada yako."

Aliingia, akasimama katikati ya chumba na hotipoti kifuani, akasema kabla hajakaa, maana alijua akikaa hatasema. "Chakula kile si mimi niliyekileta. Sikujua lolote. Mume wangu alilinyima tumbo lake akakuletea wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Ungeleta wewe, jumuiya nzima ingejua." Mdogo mtu alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayetaja kimo cha nduguye.

"Sasa zile asante ulikuwa ukinitumia za nini?"

Mdogo wake aliiinamia miguu yake iliyovimba. "Nilikuwa najizoeza kusema dada. Nisije nikasahau."

Hapo ndipo mkubwa alipokaa, chini, sakafuni, akalia bila kujificha uso. Mdogo alimwacha alie. Kisha aliifungua hotipoti, akavuta sahani.

"Umeshakula?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini, lilelile la kila siku. Alilimeza.

"Pakua," alisema.

Walikula sahani moja, kama walipokuwa watoto, mkubwa akisukuma vipande vinono upande wa pili.

Alipotoka uchochoroni, alikutana uso kwa uso na katibu wa jumuiya, aliyekuwa na kapu mkononi. Macho ya katibu yalishuka hadi midomoni mwake, yakagota.

"Mwenyekiti," alisema katibu. "Habari za mfungo?"

Mama Mfungo aliyahisi mafuta. Mkono ulianza kupanda kutafuta upindo wa kilemba, akaushusha.

"Nzuri," alijibu. "Za kwako?"

Akasimama palepale juani, akimsubiri katibu apate la kusema.