Nafasi Kati ya Vitofali

Tangu asubuhi Kimya alikuwa ameufagia ua mara tatu, na wala haukuwa mchafu. Alifagia, akaegemeza ufagio ukutani, akatazama juu, akauchukua tena. Upande wa gereji ya mtaani, juu ya mapaa ya bati yaliyobanana, wingu lilikuwa limekaa jeusi kama tako la sufuria.

"We Kimya, utatoboa ardhi!" Mama Pindo alimwambia kutoka mlangoni kwake, uzi mdomoni. "Njoo ushone vifungo. Mashati ishirini na nane hayana hata kifungo kimoja."

"Nakuja, mama," alijibu, na hakwenda.

Jina hilo la Kimya alipewa kwa sababu maneno yake kwa siku ungeweza kuyashika kiganjani. Aliishi na shangazi yake, dada wa baba, katika chumba cha juu cha ua ule wa mteremko wenye vyumba vitano. Mama Pindo, fundi cherehani aliyekuwa akimfundisha kazi, alipanga chumba cha chini kabisa, pale ua unapoishia. Kila tone lililoanguka kwenye mabati ya vyumba vyote lilijua njia ya kwenda kwake. Mwaka juzi maji yalimwingilia hadi magotini. Aliokota sare za watoto wa watu zikiwa zimegeuka rangi ya matope, akazishona upya zote bure, akakonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili.

Ndipo mwenye nyumba akamleta fundi wa vitofali. Fundi alichimba ua wote, akamwaga kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, kisha akapanga vitofali vya saruji akiacha kati yake nafasi ya upana wa kidole. Nafasi hizo akazijaza chembe za kokoto. Siku hiyo Mama Pindo alikuwa amehamishia cherehani yake kwa ndugu yake, na shangazi alikuwa sokoni. Kimya ndiye aliyempelekea fundi maji ya kunywa. Fundi alikunywa nusu, nusu akaimwaga chini, ikapotea palepale.

"Umeona? Ua nao una kiu," alisema. "Mtaa mzima mmeusakafia, mfereji wa nje umelemewa, maji hayana pengine pa kwenda. Hizi nafasi mkiziziba, mmeukaba koo. Waambie wenzako."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia mtu, hakuna aliyemuuliza. Mvua zilizofuata Mama Pindo alilala pakavu, na watu wakasema mwaka ule mvua zilikuwa na huruma.

Sasa shangazi yake alikuwa mwanamke wa kuosha hata sabuni. Chembe zile zilimkera: mara zimeingia viatuni, mara zimenasa kwenye ufagio, mara majani yameota katikati. Na leo wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kuzungumza habari za binti yake.

"Wataniona ninaishi machimboni," alisema jana, akamkabidhi Kimya ndoo, mwiko na mfuko wa saruji.

Kimya alikoroga saruji nyepesi kama uji, akaisukumia kwenye nafasi kwa ufagio, mstari baada ya mstari. Kwenye kila mstari alijiambia: huu ukiisha, nitamwambia. Mistari ikaisha. Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema ua unang'aa kama sahani.

Wageni waliingia saa nane mchana, wanawake wawili, wakaacha viatu mlangoni. Kimya alipeleka sinia la vinywaji. Alipotoka nje ngurumo ilipita juu ya mabati. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Pindo. Mashati yalikuwa yamepangwa sakafuni, juu ya mkeka.

"Mama, tuyapandishe juu."

"Ya nini? Nilishasahau mambo ya mafuriko mimi. Huu ua siku hizi haujai."

Maneno hayo yalimchoma Kimya kuliko tusi. Alivuta droo ya cherehani, akachukua bisibisi, akatoka, akapiga magoti nje ya mlango na kuanza kuchokonoa. Saruji ya jana ilikuwa haijakomaa, ikavunjika vipande vipande. Nafasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Kimya!" Shangazi alikuwa ametokeza. "Umeingiwa na nini? Wageni wako ndani, wewe unaparura sakafu kama kuku!"

Nyuma yake wageni walikuwa wakichungulia. Kimya akaweka bisibisi chini. Akainuka, akaibeba ndoo ya maji ya kusuuzia, akaimwaga yote mbele ya mlango wa shangazi. Hakuna hata tone lililozama. Maji yaliteleza ua mzima, yakafika chini, mengine yakaingia kwenye nafasi zile tatu, mengine yakavuka kizingiti cha Mama Pindo.

"Tumeukaba koo, shangazi," alisema. "Maji yalikuwa yanapita humo kati ya vitofali. Fundi aliniambia. Sikumwambia mtu, na saruji nimekoroga mimi."

"Na jana mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

Kimya alikuwa akimtazama Mama Pindo mlangoni kwake, ambaye naye alimtazama kidogo tu, kisha akageuka na kuanza kunyanyua mashati.

Tone la kwanza lilianguka, zito. La pili likatua ndani ya kiatu cha mgeni.

"Mkwe," mgeni mkubwa alimwambia shangazi, "una visu?"

"Visu vya nini tena?"

"Vya jikoni. Au tungoje viatu vyangu viogelee?"

Shangazi aliliangalia gauni lake la wageni. Kisha akapandisha pindo akalifunga kiunoni, akaingia ndani, akarudi na visu vitatu na uma. Mvua ikafunguka. Wanawake wanne, Kimya akiwemo, walitapakaa uani, magoti chini, maji yakiwapiga migongoni.

"Si hapo, shangazi! Anza chini!" Kimya alipiga kelele, na hakuna aliyemshangaa, hata yeye mwenyewe. "Chini kwanza, mlangoni!"

Maji yalipanda. Yalifika kizingitini, yakapitisha ulimi mrefu hadi kwenye mkeka, yakasita. Kisha pale nje, kwenye nafasi zilizofunguliwa, yakaanza kuzunguka na kufyonzwa, kama mtu anayemalizia chai ya mwisho kikombeni.

Mama Pindo alitokea na beseni. Ndani mlikuwa na mashati manne yaliyolowa.

"Haya utayafua wewe."

"Ndiyo, mama."

"Na vifungo vya yote ishirini na nane."

"Ndiyo, mama."

Aliliacha beseni miguuni pa Kimya, akarudi ndani, ila mlango hakuufunga. Mvua ilipungua. Wageni walijikamua, wakacheka, wakaitwa ndani kubadili nguo. Kimya alibaki uani na bisibisi, akahesabu: mistari arobaini na mmoja ilikuwa bado imezibwa. Juu ya gereji wingu jingine lilikuwa linapanda. Akapiga tena magoti.