Mkanda wa Kwanza wa Mwalimu Teodora

Fundi Bashiru alikaa na kamera ya Mwalimu Teodora karibu miezi mitatu, na kila Jumamosi mwalimu alipopita kibandani kwake mtaa wa Makoroboi, mjini, aliikuta imefumuliwa zaidi kuliko Jumamosi iliyotangulia. Skrubu zilijaa kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Lenzi ilifungwa kwenye leso. Bashiru alikuwa fundi saa, na baba yake alikuwa fundi saa. Kamera hii ya Kirusi ilikuwa ya kwanza kuifungua maishani mwake.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," alisema kila mara. "Saa ni mashine, na hii nayo ni mashine."

Teodora Nkwabi alifundisha Jiografia sekondari. Kamera aliinunua Kiev mwaka 1970, alipokuwa mwanafunzi huko, kwa posho aliyoibana majira yote ya baridi. Akaitumia mpaka mwaka 1979, pazia lake la ndani, lile linalozuia mwanga, lilipopasuka na picha zikaanza kutoka na michirizi myeupe. Akaifungia sandukuni. Sasa ilikuwa 1994, maduka ya mjini yamejaa vitu vya kila aina, na Gladness, binti wa kaka yake aliyeishi naye, hakuelewa kwa nini anajisumbua.

"Shangazi, kamera za plastiki zinauzwa barabarani, zina flashi ndani. Unabonyeza tu, basi."

"Ndiyo maana sizitaki. Nikibonyeza tu, mimi nitakuwa nimefanya nini?"

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, Bashiru alimkabidhi kamera ikiwa nzima, imefutwa mpaka chuma kinang'aa.

"Chungulia ule mnara wa kanisa kule mbali," alisema.

Teodora akaweka jicho kwenye kidirisha. Aliona minara miwili, mmoja umekolea, mwingine hafifu kama kivuli. Akaizungusha lenzi polepole. Ule hafifu ukasogea, ukasogea, ukaingia ndani ya mwenzake, ukabaki mnara mmoja mkali kama umechorwa kwa kalamu. Hapo picha ingetoka safi. Teodora akacheka peke yake huku kamera ikiwa bado usoni.

"Na pazia umelipata wapi?"

"Nimetafuta kitambaa wiki tano. Mwisho nikakata koti langu la mvua."

"Bashiru! Koti lako?"

"Lilikuwa linavuja. Mvua linapitisha, Mwalimu, lakini mwanga halipitishi. Nimelijaribu juani."

Dukani mikanda ya rangi ilikuwa tele. Wa nyeusi na nyeupe muuzaji aliuchomoa nyuma kabisa ya rafu, akaupuliza vumbi. Teodora aliuweka kwenye kamera usiku huohuo. Asubuhi akapanda gari la Igombe.

Alichagua mwalo wa Igombe, pale mitumbwi ya ziwani inapoegeshwa, kwa sababu ya dagaa. Wanawake walikuwa wamewaanika mchangani na juu ya mawe, eneo zima likimeta kama bati jipya, nao wakitembea katikati wakiwageuza. Alipopiga picha ya kwanza, mwanamke mmoja mrefu akaja akiwa ameshika kiuno. Ni yeye aliyekuwa akiwasimamia wenzake pale, na jina lake Sada.

"Mama, shikamoo. Hizo picha ni za serikali au za gazeti?"

"Marahaba. Ni za kwangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu tu."

"Basi na sisi tuone unachokiona."

Teodora akampa kamera. Sada akafumba jicho moja, akamwelekea mwenzake aliyekuwa amebeba karai.

"Mungu wangu! Mama Mhoja wako wawili!"

"Zungusha hapa taratibu."

Sada akazungusha. Kisha akapiga kelele, "Wameungana! Amekuwa mmoja!" na wote wakaacha dagaa, wakapanga foleni. Kila mmoja alitaka kuwaona wenzake wakiwa wawili, kisha awaunganishe kwa mkono wake. Na kila mmoja alitaka picha. Teodora alipiga wakiwa wamekaa, wamesimama, wameshikana mabega, Mama Mhoja na karai lake. Hakukumbuka ni lini aliwahi kufurahi hivyo. Namba iliyo juu ya kamera ikafika thelathini na sita, ambapo mkanda ulipaswa kuisha. Ikaenda thelathini na nane. Arobaini.

Hapo moyo ukamshtuka. Akakizungusha kifundo cha kurudishia mkanda. Kikazunguka chepesi, bila kuvuta kitu chochote. Akajifunika kitenge kichwani, akafungua kamera kivulini mwa jiwe. Ulimi wa mkanda, ile ncha inayoshikwa na roli ya kuuvutia, ulikuwa umechomoka. Mkanda wenyewe ulikuwa umelala palepale alipouweka, haujasogea hata hatua moja. Picha arobaini, na hakuna hata moja.

"Zitakuwa tayari lini, Mwalimu?" Mama Mhoja aliuliza.

Teodora alifikiria kusema wiki mbili. Wangemwamini. Angeondoka, na baadaye angetunga sababu. Lakini kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba aliyekosea aseme amekosea, na sasa alijiona kama yuko mbele ya darasa.

"Jamani, nina habari mbaya. Mkanda niliuweka vibaya jana. Haukushika. Hakuna picha iliyoingia."

"Hata moja?"

"Hata moja. Kosa ni langu, si la kamera. Nisameheni."

Wakatazamana. Sada akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akakaa mchangani.

"Kwa hiyo Mama Mhoja alivyolegeza shingo kote kule..."

"Hakuna," alisema Teodora, naye akianza kucheka.

"Afadhali!" Mama Mhoja akadakia. "Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha kufutia karai!"

Teodora aliwaambia mkanda haujaharibika, anaweza kuuweka upya na kuanza tena palepale. Walikataa kabisa. "Jumamosi ijayo, Mwalimu," Sada akaamua. "Safari hii utukute tukiwa watu."

Jumamosi ya pili aliwakuta wamevaa magauni ya harusi za ndugu zao, vilemba vimesimama, viatu vya kisigino vikizama mchangani. Moyoni Teodora alisononeka kidogo, maana alichokitaka ni ile kazi yao. Lakini aliwapanga, akapima, akapiga, na kila alipovuta mkanda alikitazama kile kifundo cha kurudishia kama kinazunguka. Kilizunguka; mkanda ulikuwa unakwenda.

Alikuwa amepiga picha kumi na tano upepo ulipobadilika. Upande wa ziwa wingu jeusi lilikuwa limekwisha kushuka hadi majini, na pazia la mvua likija mbio.

"Dagaa!" Sada akapiga yowe.

Wakasahau picha. Wakapandisha magauni mpaka magotini, viatu vikatupwa, wakaparamia mawe wakizoa dagaa kwa makarai, kwa magunia, Mama Mhoja kwa kilemba chake. Hariri na magamba, mapambo na jasho, wote wakipiga kelele na kucheka kwa pamoja. Teodora alikimbia nao akiwa na kamera. Akapima, akapiga, akavuta. Akapima, akapiga, akavuta. Tone la kwanza lilipomwangukia shingoni alikuwa amemaliza mkanda wote. Akaiingiza kamera chini ya kitenge, akaenda kushika pembe ya gunia moja na Sada, wakalikokota hadi kwenye banda. Dagaa karibu wote walipona.

Wiki mbili baadaye, baada ya studio kusafisha picha, alizipeleka Igombe kwenye bahasha. Wanawake walizipanga juu ya ubao wa kupimia samaki. Kila mmoja aliitafuta kwanza ile aliyosimama vizuri, akaisifu, akaiweka kando. Kisha wakafika kwenye za mvua, na kelele zikazuka upya. Katika moja Sada alikuwa hewani, katikati ya mawe mawili, karai kichwani, gauni limejaa upepo, meno yote nje. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hii ndiyo naitaka," alisema. "Hii ndiyo nitawaachia watoto."

Mama Mhoja akamvuta Teodora pembeni. Binti yake alikuwa anaolewa Misungwi mwezi unaofuata, na walikuwa wanatafuta mpiga picha.

"Lakini mimi sina flashi," alisema Teodora.

"Ni mchana."

"Na mnajua naweza kukosea."

"Ukikosea tutafunga ndoa tena," alisema Mama Mhoja, na Teodora akakubali kabla hata hajauliza ni tarehe ngapi.