Mshika Ngazi wa Fomu Thelathini na Nane

Mimi ni mkaguzi wa majengo. Mtu akitaka kununua nyumba, mimi ndiye ninayetumwa kuitazama kabla hajajuta. Nagonga kuta, nachungulia mabomba, napanda darini kuona kama paa limeshikwa na mbao au na matumaini. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa bila kuanguka hata mara moja, kwa hiyo kanuni mpya ya usalama ilipoletwa niliiona dharau. Ni sawa na kumfundisha mtu mzima kutafuna.

Kanuni yenyewe ilisema mkaguzi asipande ngazi peke yake. Lazima awepo mtu mzima wa kumshikia, na kila fomu ya ukaguzi iandikwe jina la mshika ngazi, uhusiano wake na mkaguzi, na sahihi yake. Ofisini tuko wakaguzi watatu, kila mmoja na mitaa yake, hakuna wa kumshikia mwenzake. Bosi akasema tafuteni hata ndugu, mradi awe ameelekezwa. Mimi nikatafuta kalamu.

Siku ile ya kwanza nilitoka nyumbani nimenuna. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi kwetu tangu mumewe afariki miaka mitatu iliyopita, na asubuhi hiyo alikuwa amehamisha sufuria zangu zote kutoka kabati la chini kwenda la juu, eti chini kuna unyevu. Unyevu! Ananieleza mimi habari za unyevu! Basi nilipofika kwenye fomu, pale pa mshika ngazi, mtu wa kwanza kunijia kichwani alikuwa yeye. Nikaandika jina lake, nikaandika "wifi", nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto ili ionekane ya mtu mwingine. Fomu ikapita. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa, mpaka mkono wa kushoto ukazoea.

Za mwizi ni arobaini, wanasema. Mimi hata hawakuningoja nitimize. Nilikamatwa kwenye thelathini na nane.

Afisa usalama wetu tunamwita Kofia, maana kofia yake ngumu haivui hata akinywa chai. Aliniita mezani kwake. Fomu zangu zote zilikuwa zimepangwa mbele yake.

"Dada, huyu wifi yako amekushikia ngazi mara thelathini na nane," akasema. "Hana shughuli nyingine?"

"Ananipenda sana," nikajibu.

"Haya, kesho nakuja kwenye ukaguzi wako nimwone na nimuulize mawili matatu. Nikikuta fomu hizi zimepikwa, utaratibu unaujua. Unaacha majengo, unaenda masjala."

Masjala ni chumba cha chini chenye mafaili na taa moja. Aliyepelekwa huko mwaka juzi alirudi akiwa na tabia ya kuyaamkia makabati. Mimi, mtu wa kutembea juu ya mapaa, nikafukiwe na karatasi!

Jioni nikamfuata wifi jikoni. Kumwomba ilikuwa kazi, kwa sababu tulikuwa hatujasemeshana wiki nzima, ugomvi wa chujio la chai. Na kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Marehemu mumewe alikuwa fundi rangi, na alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya ngazi. Nyumbani kwetu neno hilo hatulitamki mbele yake.

"Wifi," nikasema, "kesho naomba tufuatane kazini, unishikie ngazi. Mara moja tu."

Nikangoja gubu. Nilijua ataniuliza kama mikono yake isiyojua kupanga sufuria ndiyo leo imeonekana inafaa kushika ngazi. Lakini alizima jiko, akafuta mikono taratibu, akanitazama.

"Saa ngapi?" akauliza.

Habari za fomu sikumweleza. Nilijipa moyo kwamba Kofia akimwona tu mzima wa afya, ataridhika na kwenda zake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa juu yake huuoni mwisho wake.

Nyumba ya kukaguliwa ilikuwa ya fundi cherehani mstaafu, na tundu la kupandia darini lilikuwa kwenye veranda ya nyuma, pale wanapozurura kuku wake. Kofia alifika na fomu zangu kwapani, akamsomea wifi masharti.

"Moja, usiiache ngazi. Mbili, macho kwa aliye juu. Tatu, usizungumze na mtu."

"Rudia la kwanza," wifi akasema.

"Usiiache ngazi."

"Hata kukitokea nini?"

"Hata kukitokea nini, mama."

Wifi akainama kuikagua ngazi yangu. Akasema mguu mmoja unacheza, akanifanya niihamishe mara mbili mpaka ikatulia. Kofia alifurahi, akaandika kitu. Nikaona mambo yananinyookea, nikapanda.

Darini kulikuwa na joto la bati na harufu ya mchwa. Boriti ya kati nilipoichoma kwa bisibisi, ilizama kama kwenye kiazi kilichochemka. Nilikuwa nayaandika hayo niliposikia sauti ya Kofia chini, wazi kabisa.

"Sasa mama, hebu niambie. Fomu hizi thelathini na nane, zote ulikuwepo?"

Niliacha kuandika, nikatega sikio.

"Mama?" Kofia akarudia.

"Sharti la tatu," wifi akasema. "Nikishika ngazi sizungumzi. Akishuka nitakujibu."

Basi sikushuka. Nilipima boriti zote, nikazipima upya. Nilihesabu misumari, nikaandika idadi. Nilimulika utando wa buibui na kuuandikia maelezo mistari minne. Sijawahi kukagua paa kwa bidii ya namna ile, na kama mnunuzi wa nyumba hiyo anasoma haya, ajue alibahatika.

Huko chini ghafla kukazuka makelele. Fundi cherehani alikuwa na jogoo mwenye kisirani, na jogoo alikuwa ameviona visigino vya wifi.

"Mama, sogea nimkamate!" fundi cherehani akapiga kelele.

"Sisogei."

"Anakutoa damu!"

"Mkamate hivyo hivyo," wifi akasema. "Mimi nina mtu juu."

Maneno yale yalinigusa, nami sikutaka yaniguse. Nilikuwa nimejificha darini kumkwepa mwanamke anayedonolewa na jogoo kwa ajili yangu. Nikaona haya, nikaanza kushuka.

Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Kipandio cha pili mguu ukakikosa, ngazi ikayumba, sakafu nikaiona inanijia. Lakini ngazi haikwenda popote. Wifi alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili, shavu limebanwa kwenye mbao, jogoo ananing'inia kwenye pindo la gauni lake. Niliteleza vipandio vitatu nikatua begani kwake.

"Wifi, mzito wewe," akasema akihema.

Kofia alihakikisha niko mzima, kisha akamkabidhi wifi fomu. Alizipitia moja moja. Nilimtazama kwa macho ya kusihi ambayo sikuwahi kumpa hata siku niliyoolewa kwao. Alifika ya mwisho, akazirudisha.

"Sahihi hizi si zangu," akasema. "Ngazi yake nimeshika leo tu. Siku hizo nyingine alipanda peke yake."

Kofia akaivua kofia yake. Ndipo nikajua ana upara. Alinipa miezi sita masjala, pale pale, mbele ya jogoo.

Tulirudi kwa miguu. Wifi alikuwa anachechemea, kisigino kimefungwa leso, na mimi nilikuwa nafuka moshi.

"Umenichongea!" nikamwambia. "Kusema 'ndiyo' kungekupunguzia nini? Miaka kumi na tisa, wifi! Miaka kumi na tisa umeizika kwa neno moja! Na wali wangu unakula!"

Tulifika kona ya kwetu. Hapo akasimama kupumzisha mguu.

"Mume wangu naye alikuwa na mshika ngazi," akasema. "Kwenye karatasi. Nilipokwenda kuuliza walinionyesha. Jina lipo, sahihi ipo, tena nzuri kuliko hizo zako."

Miaka mitatu tunakula meza moja, tumegombania sufuria, tumegombania chujio, na sikuwahi kumuuliza mumewe alianguka vipi. Nilimshika mkono tukamalizia njia hivyo, pole pole, maana kisigino kilikuwa kinamuuma.

Masjala nilianza Jumatatu. Siku ya tatu waliagiza faili kutoka rafu ya juu kabisa. Kulikuwa na kingazi cha vipandio vinne, kifupi kuliko hata mtoto. Chumba kizima nilikuwa peke yangu. Niliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Kisha nikauteremsha, nikapiga simu nyumbani.

"Wifi, uko wapi?"

"Jikoni. Kuna nini?"

"Kuna faili liko juu."

Nilimsikia akizima jiko.

"Usipande," akasema. "Navaa viatu."