Shahidi wa Kanisa Jingine

Mfuko wa Kikristo wa Kisii ulikuwa na sharti moja lisilolegezwa: kikundi kinachoomba msaada lazima kisemewe, mbele ya watu, na jirani wa kanisa jingine. Wakatoliki wasemewe na Wasabato, Wasabato na Wakatoliki. Kwa njia hiyo waanzilishi walikomesha tabia ya kila kanisa kujipakulia.

Abigael alikuwa Msabato. Alilea yatima pale Magwagwa, na unga ulikuwa unaelekea kwisha. Mfuko usipotoa kitu, watoto wangerudishwa kwa jamaa wale wale waliowafukuza. Shahidi wake alikuwa Ombati, Mkatoliki, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa lake, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa hadi Nyaramba.

Jumapili moja baada ya misa, wageni wa Mfuko wakiwa wanangojewa, Ombati alimkuta Abigael jikoni akisonga ugali.

"Mama Abigael, leo nitakusemea vizuri. Lakini kuna kitu changu umekikalia."

Abigael hakuuliza ni kipi. Nje, Kwamboka alikuwa akifua nguo za watoto. Alikuwa mjane wa mdogo wake Ombati. Baada ya mazishi alikataa kurithiwa na shemeji yake huyo, akaja hapa na wanawe, akawa mpishi.

"Kwamboka si kitu, mzee."

"Ni mke wa boma letu. Akifunga mizigo yake leo, nitasema. Asipofunga, mdomo ni wangu."

Gari lilisikika likipanda kilima. Ombati akatoka. Kwamboka akaingia, povu likimchuruzika mikononi.

"Nimesikia yote. Nikienda, watoto watakula?"

Abigael akaepua sufuria. Kusema uongo hakuweza. "Watakula."

"Basi niende."

"Basi kamalizie kufua."

Majirani walijaa katika darasa la yatima. Ogeto, afisa wa Mfuko, alikagua jiko na mabweni, akasifu usafi, kisha akamwita shahidi. Ombati hakuinuka. Alikunja mikono kifuani.

"Mzee Ombati, hukusikia?"

"Nimesikia. Bado nawaza."

Wachache wakacheka. Ombati akamtazama Abigael, akangoja. Abigael akasimama.

"Bwana Ogeto, shahidi wangu anataka nimpe mjane wa ndugu yake ndipo aseme. Simpi. Kama sina shahidi, sina."

"Mwongo huyo!" Ombati akafoka. "Anaficha wake za watu, halafu anaomba hela za kanisa!"

Ogeto alijifuta uso kwa leso. Hakumkemea yeyote. "Mama, sharti ni sharti. Bila shahidi siwezi kupeleka ombi lako mbele."

Ogeto alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake pale aliposimama Nyakerario, mke wa Ombati, kwenye benchi la akina mama.

"Mimi pia ni Mkatoliki. Tena nilibatizwa kabla ya huyu."

"Keti, mama watoto," Ombati akasema kwa sauti ya chini.

"Sharti linataka mwanamume?"

"Linataka jirani," Ogeto akajibu.

"Basi andika. Nilipolazwa na malaria, wanangu walikaa hapa, na walirudi wamenenepa. Hakuna mtoto anayelala njaa kwa Abigael. Na huyo Kwamboka anapika vizuri, kwa hivyo apikie hapa hapa. Jikoni kwangu hakuna nafasi ya mafiga mengine."

Akina mama waliangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele. Ogeto akaandika jina lake, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Ombati alitoka bila kuaga, akaubamiza mlango.

Watu walipotawanyika, Nyakerario alikuwa bado ameketi. Alikuwa akiutazama mlango alioubamiza mumewe.

"Lala hapa leo," Abigael akamwambia.

"Nikilala hapa, atasema nimetoroka kama mwenzangu. Pale ni kwangu." Akainua macho. "Lakini peke yangu siendi."

Abigael akajifunga shuka begani. Wakatoka pamoja, wakashika njia ya mashamba ya chai kuelekea bomani kwa Ombati, na Kwamboka akawafuata nyuma bila kuitwa.