Chetezo cha Bi Tuhfa

Imakulata alikuwa na masikio mawili kama mimi na wewe, ila mwaka ule wa pili wa chuo yote mawili yalikuwa mali ya simu. Asubuhi waya sikioni, jioni waya sikioni. Bi Tuhfa, aliyempangisha chumba Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, alikuwa akimhadithia mambo yake huku anachambua mchele, na yeye akiitikia "Ndiyo, Bi" kila alipoona mdomo umetulia. Bibi wa watu, mjane wa Kipemba asiye na mwingine wa kuzungumza naye humo ndani, aliridhika.

Sasa mwalimu wao wa historia, Timotheo, akawapa kazi. Kila mmoja aazime kitu kimoja cha kale kwa mzee, aandike habari zake kwa maneno ya mwenyewe, kisha vyote viwekwe kwenye maonyesho ya chuo. Kazi nyepesi, ungedhani. Lakini Imakulata, mtoto wa Lushoto, aliona haya kuwabishia hodi wazee asiowajua, na juu ya haya kulikuwa na uvivu. Siku zikapita mpaka ikabaki wiki moja.

Wiki hiyo darasa lilikwenda Tongoni kuangalia magofu. Wenzake walipokuwa wanapiga picha, yeye akazunguka nyuma ya makaburi, na pembeni ya kaburi moja akaona chetezo cha udongo, cheusi kwa moshi, shingoni kimefungwa waya wa shaba pale kilipowahi kupasuka. Ndani mlikuwa na majivu ya ubani. Asiseme mtu kwamba hakujua. Mlinzi wa magofu alikuwa ametoka kuwaeleza kwamba watu huja pale kuomba na kuweka nadhiri, na kwamba asiguse mtu kitu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakitia mkobani.

Maelezo aliyatunga kwa nusu saa. Akakipa chetezo mwenyewe wa uongo, bibi wa Tongoni wa miaka tisini, akambandika ukoo wa kisultani, akamtia na maneno mdomoni ya kuliza watu. Mwalimu Timotheo alipoyasoma alimsimamisha mbele ya darasa. "Hivi ndivyo mtu anavyomsikiliza mzee," alisema. Wenzake wakapiga makofi, Imakulata akatabasamu, na chetezo kikapewa meza ya mbele.

Siku ya maonyesho wenye nyumba nao walialikwa. Kadi ya Bi Tuhfa, Imakulata aliikalia, akijiambia kwamba bibi miguu inamsumbua, atachoka bure. Lakini Shadya, mwanafunzi mwenzake aliyepanga nyumba ya jirani, alimpitia akaja naye. Imakulata alishtukia tu Bi Tuhfa huyo mlangoni, na buibui lake la sikukuu, anamtafuta kwa macho.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Chako ki wapi? Nionyeshe."

Hakungojea kuonyeshwa. Alifika meza ya mbele, akasimama. Akanyoosha kidole, akaugusa ule waya wa shaba, kisha mkono ukarudi polepole ndani ya buibui. Imakulata alichelewa kidogo kuelewa, halafu akaelewa, maana nani angeushika waya namna ile kama si aliyeufunga?

Mwalimu Timotheo akaja mbiombio. "Bi mkubwa, vitu hivi nyie ndio mnavijua. Umewahi kukiona hiki?"

Bi Tuhfa hakumtazama mwalimu. Alimtazama Imakulata, ambaye uso ulikuwa unamwaka moto.

"Sijakiona mie," alisema. "Lakini kizuri. Mtoto kafanya kazi."

Mwanamke huyu hakuwa akisema uongo hata wa kumsifia jirani maandazi yaliyoungua. Leo aliusema mbele ya chuo kizima ili mpangaji wake asiumbuke. Imakulata aliona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, na alilazimika kusimama nayo pale mezani mpaka wageni walipokwisha.

Alipofika nyumbani alikuta wali wake umewekwa, umefunikwa kwa kawa, kama siku zote. Hapo ndipo alipolia. Akapiga magoti jikoni, akasema yote.

"Bi, kwa nini hukunisema?"

"Nikuseme mbele za walimu zako? Nikuumbue?" Bi Tuhfa alifuta mikono kwa kanga. "Lakini mie nilikwambia, mwanangu. Ijumaa ile, umekaa hapohapo. Nikakwambia chetezo cha mama nimekipeleka Tongoni, nimemwekea nadhiri binti yangu wa Wete. Mimba mbili zishamtoka. Hii ya tatu akijifungua salama, ndo niende nikakichukue. Ukaniambia, 'Ndiyo, Bi.' Nikafurahi, nikasema basi tuko wawili tunaomwombea."

Imakulata hakukumbuka hata neno moja.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa lilelile lililompigia makofi, akasema kweli. Mwalimu Timotheo alimfutia alama, akamrudishia chetezo bila kumtazama. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Kisha yeye na Bi Tuhfa wakapanda bajaji mpaka Tongoni, chetezo mapajani kimeviringishwa kwa kanga. Akamwomba radhi mlinzi wa magofu, naye akawapisha.

"Kirudishe wewe, kwa mkono wako," alisema Bi Tuhfa.

Imakulata akachuchumaa, akakiweka palepale penye doa la moshi. Bi Tuhfa akatia makaa, akatia ubani.

"Haya, mwombee. Omba kwenu mnavyoomba, hapana neno, Mungu ni mmoja. Umtaje tu jina."

Imakulata akafumba macho, akafungua mdomo. Majina ya masultani alikuwa nayo yote, hata yale aliyoyatunga mwenyewe. Mwaka na nusu alikuwa amekula wali wa nyumba ile, na simu ya Wete ilikuwa ikipigwa kila Jumapili mbele yake. Ubani ukafuka. Bi Tuhfa akangoja, akangoja tena, kisha akaelewa.

"Rahila," akamwambia taratibu. "Anaitwa Rahila."