Mkanda wa Mabala

Siku ya pili baada ya maziko, wageni wa msiba wakiwa bado wamelala uani, simu ya Mwamvua ililia mara moja juu ya kichanja cha vyombo. Aliishika kwa mkono wenye unga, akamwita binti yake.

"Shani, njoo unisomee. Moshi umeniingia machoni."

Jiko lilikuwa halijawashwa. Shani akaichukua, akasoma: "Nimesimama mahali pamoja. Sisogei. Njooni mnitazame."

Jina lililoandikwa juu ya ujumbe lilikuwa la Ngusa, kaka yake, yule waliyemzika juzi.

Mwamvua aliketi palepale chini. "Mwanangu," alisema polepole, kama mtu anayeota ndoto nzuri na anajua ataamshwa sasa hivi.

Haukuwa mzimu, na Shani alilijua hilo vizuri. Ngusa, kabla pikipiki haijamwangusha barabarani pale Mpemba, alikuwa amepata mafunzo mafupi mjini Tunduma, akarudi kwao bondeni Momba na jambo jipya mdomoni: intaneti ya vitu. Alimweleza mama yake huku mama anakamua.

"Mama, yale malori yanayopanga foleni mpakani, unadhani tajiri aliyeko Dar anajuaje lake limefika wapi?"

"Si anampigia dereva?"

"Dereva atamwambia yuko Mbeya, kumbe amelala kwa shemeji. Lori lenyewe ndilo linasema."

"Haya. Na ng'ombe wako naye atasema?"

"Atasema. Tena hana shemeji."

Mwamvua alicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Ndipo Ngusa akatengeneza kisanduku chake. Ndani aliweka kihisi cha kutambua mwendo na laini ya simu, juu akabandika paneli ya sola isiyozidi kiganja. Akakifunga kwenye mkanda wa shingoni wa Mabala, ng'ombe kiongozi, kando ya kengele yake. Mabala akitembea, kihisi kinajua. Kisanduku kinachagua sentensi, na laini inaipeleka kwenye simu ya mama. "Natembea." Akiinamisha shingo kwa muda: "Nimeinamisha kichwa, nakula." Na kama hasogei kabisa, labda amezama kwenye tope au anaumwa, ndipo huja ile ya kuomba atazamwe. Sentensi zote alizitunga Ngusa mwenyewe, na kwa kuwa laini aliinunua yeye, ikahifadhiwa kwenye simu ya mama kwa jina lake.

Sasa, katika ukoo wao, mtoto wa kwanza akifa, ng'ombe kiongozi huvuliwa kengele. Kundi hutembea kimya mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Jioni ya maziko, Ndalahwa, baba yake Ngusa, alimwendea Mabala zizini akamvua mkanda wote, akautundika kwenye nguzo ya ua wa miiba uliozunguka kaburi. Yeye aliwaza kengele tu. Kisanduku hakikumjia akilini hata kidogo. Nacho, kilipoona hakuna anayesogea, kikafanya kama kilivyofundishwa.

Tangu hapo ujumbe ulikuwa ukija kila asubuhi, na kila asubuhi Mwamvua alijitanda khanga, akaenda kaburini. Aliketi akimsimulia Ngusa habari za nyumbani: ndama aliyezaliwa, mkia wa fisi ulioonekana kwenye mtama. Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika, kama wa mtu aliyetoka kuoga mtoni. Shani alimwona hivyo, akaliacha jambo lile liendelee.

Lakini majani yaliisha. Upande wa bwawa palibaki vumbi jeupe tu, na ng'ombe walianza kulamba miti. Jirani yao Makene, aliyehama mapema, akapiga simu kutoka ng'ambo ya mto.

"Shemeji Mwamvua, mnangoja nini huko? Huku majani yanafika magotini! Au mzee Ndalahwa anataka kufuga mifupa?"

"Nenda na ng'ombe wako, Makene. Mimi sihami."

"Usiseme hivyo!"

"Nimesema. Mwanangu ananiita kila asubuhi, nimwache na nani?"

Makene, ambaye hakuwahi kukosa la kujibu, aliaga kwa adabu.

Ndalahwa alisikia yote. Naye hakusema lolote, kama ilivyokuwa desturi yake tangu maziko. Hakulia siku ile, wala hakulia baadaye. Alikuwa anatoka na mifugo, anarudi, anakula kidogo, anatazama moto. Jioni ile ndama wa Mabala alianguka kwa njaa karibu na mlango wa zizi, hakuinuka tena. Ndalahwa alimfunika kwa gunia, akaingia ndani kulala bila kula.

Shani aliona hakuna namna. Asubuhi alimfuata mama yake kaburini, akaushika ule mkanda.

"Mayu," alisema, kama alivyozoea kumwita mama utotoni, "anayeandika ni hiki. Kinahisi hakitikisiki, basi kinadhani ng'ombe amekwama. Hakijui hapa ni wapi. Ukikiweka juu ya jiwe, kitaomba jiwe litazamwe."

Mwamvua alikigusa kisanduku kwa kidole. Upepo ulipita, kengele ikatoa sauti ndogo.

"Maneno aliyaandika nani?"

"Ngusa."

"Basi unanibishia nini? Mtu akiacha salamu kwa jirani, jirani akakuletea, salamu ni ya nani?"

Shani alijikuta analia huku anacheka. Mama alimpangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Najua kafa, Shani. Mimi ndiye niliyemwosha uso. Ila kuondoka hapa nikimsikia anasema njooni, miguu inakataa."

"Kama angekuwa anasema anatembea?"

Mwamvua aliinua macho.

"Baba amvalishe Mabala," Shani aliendelea. "Twende naye."

Walimpelekea Ndalahwa neno hilo zizini. Alitikisa kichwa. "Mabala havai kitu mpaka mvua," alisema, na sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika.

"Baba, ng'ombe watakufa."

"Nimesema Mabala."

Aliwapita, akapanda hadi kaburini. Walimwona anakata kamba ya kengele kwa kisu, anaiacha kengele juu ya udongo. Akarudi, na mkanda ule mpana, wenye kisanduku, alikuwa ameuvaa shingoni mwake mwenyewe.

Mwamvua alifunika mdomo. "Baba Ngusa! Sasa nikukamue?"

"Fungeni mizigo," alisema Ndalahwa.

Waliondoka jua lilipokuwa bado changa. Ndalahwa alitangulia, kundi likamfuata kimya, vumbi likaelea juu ya pembe kama ukungu wa mlimani. Mama na binti walikuja nyuma na punda. Kaburi lilipotea kwenye mikunjo ya ardhi, na Mwamvua aligeuka, akageuka tena. Ndipo simu ikalia.

"Natembea," Shani akasoma.

Mwamvua alivuta pumzi, akaongeza mwendo. Kila ujumbe ulipofika alitaka usomwe upya, na uliposomwa aliurudia kwa midomo tu, kama mtu anayeimba bila sauti. Kwa mbali hata Shani hakuweza kusema ni nani hasa aliyekuwa mbele yao kwenye lile vumbi, baba au kaka.

Baba akavuka kilima, hakuonekana tena. Ng'ombe walisimama. Punde simu ikalia.

"Nimeinamisha kichwa, nakula."

Shani aliangua kicheko. "Mayu, baba anakula majani!"

Mwamvua naye alianza kucheka, kisha akaacha. Alitazama kile kilima. Hakukuwa na chakula upande ule. Ugali wote ulikuwa juu ya punda. Mzee yule tangu maziko hakuwahi kuinamisha kichwa wala kulia mbele ya mtu.

"Shika kamba," alimwambia binti yake.

Akapita katikati ya ng'ombe, akiwasukuma kwa viganja, akakimbia kupanda kilima kwa mume wake.